Bafu Alilolisifia Mama

Mama yangu akisifia kitu mara mbili, ujue hakitaki. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto kule Buswahili, alipokuwa akisifia ugali wa wifi zake huku akimmegea mbwa. Lakini ndoa inasahaulisha. Alipokuja kwangu Musoma mara ya kwanza kwa ajili ya kidonda cha mguu, alisifia chumba, akasifia taa, akasifia mpaka paka wa jirani. Kesho yake asubuhi akafunga kitenge kiunoni, akasema kuku wake wataibwa. Kuku wenyewe walikuwa wawili, na mmoja haoni.

Akaenda zake. Huko Buswahili akakifunga kidonda kwa majani, na aliporudishwa hospitali alikuwa hawezi kukanyaga. Wakamlaza. Mama ana sukari, na nesi wa vidonda alinikalisha kwenye benchi akaniambia bila kuzunguka: akitoka wodini akae hapa mjini, aletwe kuoshwa kidonda siku baada ya siku, mwili uwe safi wakati wote, la sivyo mguu utakatwa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mama mkubwa Gati wa Mugeta aliacha matibabu vivyo hivyo akaenda kuangalia ng'ombe wake, na leo anatembelea gongo. Ng'ombe waliuzwa kulipia kukatwa mguu.

Nikajiapiza: mara hii mama hatoki kwangu mpaka kidonda kifunge. Nikakaa kutafuta kilichomkimbiza mara ya kwanza. Chumba hakikuwa na shida. Kwetu mama mkwe halali ovyo kwa mkwe wake, lakini mama alishalimaliza hilo mwenyewe: alilala chumba cha Eunice, binti yetu aliye bweni Bunda, akatangaza kwamba hakuja kwa mkwe, amekuja kwa mjukuu. Chakula alikula jikoni na mimi, Bernado akila sebuleni. Choo kiko uani, tunachangia na jirani yetu Dorkas, kwa hiyo ni cha watu wote na si cha mtu. Likabaki bafu.

Na bafu lilikuwa aibu, sina la kujitetea. Liko ndani, mwisho wa korido, dogo kiasi kwamba ukiinama kuokota sabuni makalio yanafungua mlango. Kuta zilikuwa nyeusi kwa ukungu. Sakafu ilichimbika, maji yakituama kwenye pembe, na vyura walishaona ni kwao.

"Mama alikimbia bafu," nikamwambia mume wangu.

Bernado ni fundi cherehani pale Nyasho. Ukimwambia suruali aliyoshona imepinda, hali siku hiyo. Sasa alinitazama hivyohivyo.

"Bafu?"

"Bafu, Baba Eunice. Mama ya mtu ataogaga wapi pale? Na vyura wote wale?"

Pesa ya kumwita fundi hatukuwa nayo. Mimi nauza dagaa sokoni, na hospitali ilishakula mtaji. Bernado akasema kama mtu anaweza kushona koti la harusi, hawezi kushindwa na ukuta. Hiyo ndiyo akili ya watu wa kwao, Kisorya. Wamezaliwa maji huku na maji huku, basi hakuna kitu kinachowatisha isipokuwa kukaa kimya.

Alikuwa na rafiki yake wa utotoni, Isaya, msimamizi wa stoo kwenye jengo la gesti linalomalizika Bunda. Isaya alimwambia kuna marumaru zilizovunjika, watu wanazitupa, aje na viroba. Bernado akaenda, akarudi na viroba vilivyomtoa jasho la wiki nzima. Kulikuwa na vipande vya bluu, vya kahawia, vya maua, vyeusi vya kuvutia macho, na kimoja kizima chenye picha ya samaki, cha ukuta wa jikoni bila shaka. Akavimwaga koridoni. Akavipanga sakafuni usiku na mchana kama anapanga kitambaa, futi ya kamba shingoni, chaki ya kushonea sikioni. Mtu akitaka kwenda kulala aruke.

"Hivi ni viraka," nikamwambia.

"Kiraka kikishonwa vizuri ni pambo," akanijibu.

Nikiri kwamba lilipendeza. Alisugua ukungu kwa dawa ya madoa mpaka macho yakamtoka, akaziba sakafu kwa saruji aliyonunua kidogokidogo, akapandisha vile viraka vyake ukutani mpaka usawa wa kifua. Juu yake akapaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye makopo ya watu. Alichanganya ya kijani na ya hudhurungi, ikatoka rangi ambayo haina jina. Dorkas alisema ni rangi ya ini. Pazia akashona kwa kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya koti, kwa hiyo lilining'inia kwa heshima kama bwana harusi. Akafunga na bomba la mvua la plastiki, ingawa tenki letu liko chini, na mvua yenyewe ilikuwa ya kuhesabu matone.

Lakini fahari yake ilikuwa kigoda. Alikijenga pembeni kwa matofali, akakivika marumaru, na juu yake, pale pa kukalia, akaweka yule samaki. Mama angekaa, angenyoosha mguu wenye bandeji pembeni usilowe, angejimwagia maji kwa raha zake. Niliposikia anavyonieleza nikampenda upya yule mwanamume, na mimi si mtu wa kupenda ovyo.

Mama alipotoka wodini tukampeleka kuliona kabla hata hajanywa chai. Bernado, kwa adabu ya ukwe, alisimama mwanzo wa korido akitazama dari, akazungumza na mimi kana kwamba mama yuko Tarime.

"Mama Eunice, mwambie mama kigoda hakitikisiki."

"Mama, kigoda hakitikisiki."

"Nimesikia."

"Mwambie kinabeba hata watu wawili." Na kwa kuwa hakuona uso wenye kuamini, akapita, akaingia, akakaa juu ya samaki na suruali yake ya misa, akajirusharusha. "Si mnaona?"

Mama alikuwa anatazama ukuta.

"Zuri," akasema. "Zuri sana. Mkwe amehangaika."

Mara mbili. Ningekuwa na akili ningeogopa palepale.

Siku zikaenda. Asubuhi namwacha mama nyumbani nakwenda sokoni, mchana narudi namkuta ameoga, amejipaka mafuta, anang'aa. "Umeoga, mama?" "Nimeoga." "Bafu likoje?" "Zuri." Basi, moyo ukatulia. Hadi mchana mmoja nilipoingia na kuitazama vizuri sabuni niliyomwekea. Ilikuwa na maandishi yake yote. Sisi tunaoga alfajiri, na sakafu ilikuwa imekwisha kukauka, kavu kama ya kanisa.

Nikamwambia Bernado labda mama anaogopa kuteleza. Akatafuta mkeka wa mpira, akautandika. Mama akausifia. Labda ni giza: akaweka taa. Mama akaisifia taa. Labda ni baridi: akaziba dirisha kwa kioo. "Mkwe ana mikono," mama akasema. Kila alichoongeza kilisifiwa, na sabuni haikupungua hata herufi moja. Tukawa na bafu zuri kuliko yote ya mtaa wetu wa Bweri, na aliyejengewa haliogei.

Kisha mama akaanza wimbo wake wa kuku. Jumamosi naenda, akasema. Nikamwambia nesi amesema nyama mpya ndiyo kwanza inaota, haya ni majuma ya kutokosa hata siku moja. Akasema nesi ni binti mzuri. Nikamkumbuka mama mkubwa Gati, kabla hajazoea gongo, akishuka kwenye mkeka wake kwa matako, akijivuta kwenda jikoni, na nikaona ni mama.

Siku moja dagaa waliisha mapema. Nikapitia uani, na nani namwona anatoka kwenye bafu la Dorkas? Kama ni bafu. Ni miti minne na viroba vya sukari vilivyochanika, chini mawe, na siku hiyo kulikuwa na kuku ndani anataga. Mama akatoka humo na khanga yake kifuani, maji yanamchuruzika shingoni, uso umenawiri, anacheka na Dorkas jambo fulani.

Nilipandwa na hasira mpaka nikaweka beseni chini. "Mama! Bafu lina marumaru, lina taa, lina pazia la bitana, na wewe unakuja kuoga na kuku? Nimekukosea nini?"

"Mama Eunice, usinigombeze mimi," Dorkas akasema, ingawa sikuwa nimemgusa. "Mama anaogeaga kwangu tangu amekuja. Hata ile mara ya kwanza alikujaga, akakuta nimefunga kwangu, nilikuwa nimeenda msibani."

Ndipo nikajua ni kuku gani waliomrudisha Buswahili.

Mama hakupandisha sauti. Alikaa kwenye jiwe, akaweka mguu vizuri, akasubiri mpaka nimalize kuhema.

"Recho. Nivue nguo zangu, nisimame pale anaposimamaga mume wako amevua zake?"

Mimi bafu nililiona ni mahali pa maji tu, na maji hayana ukwe. Nyumbani Buswahili hakuna mkwe aliyewahi kuoga kwetu, kwa hiyo sikuwahi kufundishwa. Mambo ya namna hiyo hayafundishwi, mtu unatakiwa uwe nayo.

"Na kile kigoda," akaendelea. "Amekikalia mbele yangu. Sasa mimi nikalie nini pale? Mapaja ya mkwe?"

Dorkas aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika.

"Kwa nini hukusema?"

"Hilo ni jambo la kusema? Nimwambie nani? Mtu ameenda mpaka Bunda, amebeba na viroba, ameumia mikono kwa ajili yangu. Nitamwambia nini? Mtu ukiondoka, huaibishi mtu. Jumamosi Machage, mume wa Dorkas, anarudi kutoka machimboni na wenzake, hapa kutajaa wanaume. Basi na mimi Jumamosi naenda."

Aliposema hivyo nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Mguu wa mama yangu ulikuwa unakwenda kukatwa kwa sababu ya adabu. Na mbaya zaidi, hakukuwa na mkosaji wa kumgombeza.

Jioni nilimkuta Bernado mlangoni pa bafu amepiga magoti, anasugua viungo vya marumaru kwa mswaki wake mwenyewe. Nikamweleza yote. Nilitegemea anune, maana alikuwa na haki. Akaniuliza jambo moja tu.

"Na nilikaa kabisa juu ya kigoda?"

"Na ukajirusharusha."

Akaufunika uso kwa mikono yenye povu.

Nikamwambia hakuna shida, amsimamishie mama miti na viroba uani kwetu, aoge huko kama kwa Dorkas, yaishe. Akanyanyuka kama nimemtukana.

"Mama mwenye mguu vile? Kwenye matope? Mvua ikinyesha ateleze avunjike na ule mzima? Bafu nimemjengea yeye. Nje nitaoga mimi."

Akaingia, akatoa taulo lake, dodoki lake, wembe wake, kipande cha sabuni ya kufulia anachoogea. Akarudi na nyundo. Nikamsikia akikivunja kigoda, kile alichokipanga kama koti la harusi, na sikwenda kumtazama kwa sababu sikuweza. Alitoka na vipande kwenye ndoo, samaki akiwa amepasuka katikati.

"Sasa utajenga wewe," akasema.

"Mimi?"

"Mimi nikijenga kitakuwa changu tena. Wewe ni binti yake."

Basi nikajenga. Mimi, ambaye hata kifungo nampelekea mume wangu. Bernado alikaa koridoni amelipa bafu mgongo, asichungulie, akaniongoza kwa mdomo: saruji iwe nzito kama uji wa mgonjwa, tofali lilowe kwanza, pima, pima tena. "Umepima?" "Nimepima." "Kwa futi au kwa macho?" Nilipima kwa macho. Vipande vya samaki nikavibandika, na kwa haraka zangu kichwa nikakiweka palipofaa mkia. Kigoda kilipokauka kiliinamia mlangoni kama mtu anayetaka kusikiliza umbea.

Kisha nikasugua bafu lote, ukuta kwa ukuta, kwa sabuni ya maji, nikaliacha wazi lipigwe na upepo wa ziwa. Bernado uani akasimamisha mabati manne mabovu, akafunga kwa waya. Ijumaa mchana, mama akiwa kibarazani anaona, mkwe wake akapita na taulo na ndoo, akaingia kwenye mabati, akaanza kujimwagia maji huku akipiga kelele za baridi. Pale Musoma upepo ukitoka ziwani hauna huruma.

"Mama Eunice!" akaita. "Naomba maji ya moto!"

"Mtu wa Kisorya na maji ya moto wapi na wapi?" nikamjibu. "Kwenu si mnaogaga ziwani?" Hakuomba tena.

Mama aliyatazama mabati muda mrefu. Kisha akaenda chumbani kwa Eunice, akatoka na khanga, akaingia bafuni na kufunga mlango. Nilisimama koridoni. Nikasikia maji. Halafu nikasikia sauti yake.

"Recho! Kigoda gani hiki? Mbona kimepinda? Nitaanguka mimi! Na samaki mmemkata kichwa?"

Hakuna sifa iliyowahi kunifurahisha kama ile lawama. Jumamosi Machage akarudi na wenzake, na mama hakuenda popote.

Tukaishi hivyo. Mama akawa mtu wa kuamka kabla ya wote, anawasha jiko la mkaa, anasema chai ya sukari kidogo inataka moto mwingi. Mkaa ukawa unaisha upesi, nami nikamnung'unikia Bernado, siyo mama, kwamba chai ya mgonjwa mmoja inakula gunia. Bernado akaniambia nimwache mama anywe chai. Wageni wakija, aliwapeleka koridoni akawaonyesha bafu lake akiwa amesimama nje ya mlango, shingo ameirefusha, mguu wa mgeni hauvuki. "Ile bluu kule ni ya Bunda," anasema, kama mtu anayeonyesha nchi ya ng'ambo.

Mguu ulipona. Haukupona upesi, lakini ulipona, na nesi akampiga mama picha na simu yake. Siku ya kuondoka alikwenda stendi kwa miguu yake yote miwili, na nilizitazama hatua zake kuliko nilivyotazama za Eunice alipoanza kusimama. Kabla ya kupanda gari aliniagiza jambo moja.

"Kile kigoda bado kimepinda. Nikirudi nikikute umekinyoosha."

Kesho yake nikamwambia Bernado arudi kwenye bafu lake. Akachukua taulo, akaenda mpaka mlangoni, akasimama, akageuka.

"Siwezi," akasema. "Ni kama naingia chumbani kwa mama."

Akatoka kwenda kwenye mabati yake. Mimi nikaendelea kufagia. Baada ya muda akaniita.

"Mama Eunice! Leo umesahau maji yangu?"

"Maji gani?"

"Ya moto. Si yale unayoniwekeaga kila asubuhi hapa kwenye jiwe."

Nikabaki na ufagio mkononi. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumchemshia Bernado maji ya kuoga, na kama angefikiri kidogo angejua. Nikauona mkaa ukiisha. Nikamwona mama na mguu wake wa bandeji, anachechemea uani kabla hakujapambazuka vizuri na nusu ndoo ya maji, anaiweka juu ya jiwe, anarudi haraka kabla mkwe hajatoka wakakutana.

"Subiri kidogo, Baba Eunice," nikasema. "Yanachemka."

Nikaenda kuwasha jiko, na nikalia kabla moshi haujaanza. Mpaka leo nayachemsha mimi. Sijamwambia, kwa sababu namjua: akisikia ni nani aliyekuwa akimchemshia, hata hapo nje hataoga tena.